Swali la Mama wa Ngara: "Nitapikia Nini?"

Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki kliniki ya mkoba wilayani Ngara. Miongoni mwa wagonjwa wa siku ile alikuwamo mama mmoja anayekaribia miaka sitini, aliyeletwa na binti yake. Alikuwa amekohoa kwa miaka mingi. Hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja. Makohozi yake yalikwisha kupimwa zaidi ya mara moja, na kifua kikuu hakikuonekana. Kupanda vidaraja vichache vya baraza kulimlazimu asimame kuvuta pumzi. Tulimpuliziisha kipimo cha kupima nguvu ya mapafu, na jibu likawa lile nililolitarajia: njia zake za hewa zilikuwa zimeziba, na kiasi kikubwa cha madhara hayo hakingerudi nyuma tena.

Nilimweleza kwa lugha nyepesi, nikamaliza kwa ushauri ambao kila daktari wa magonjwa ya kifua ameutoa mara nyingi: "Mama, kilichokuumiza ni moshi wa kuni. Yakupasa uachane nao." Alinitazama kwa upole, kama mzazi amtazamavyo kijana aliyetamka jambo kabla ya kulifikiri, kisha akauliza: "Sawa, mwanangu. Sasa nitapikia nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaandika dawa.

Tangu siku ile nimejaribu kusoma kila nilichoweza kuhusu kuni, misitu, moshi na afya. Nililolikuta limenifundisha, na kwa kiasi fulani limenifadhaisha. Kuni za mama yule zimetafitiwa kwa karibu nusu karne. Zimetafitiwa na wataalamu wa misitu, wa nishati, wa uchumi, wa tiba na sasa wa tabianchi. Kila kizazi cha watafiti kilikuja na swali lake. Swali la mama yule mara chache limekuwa la kwanza katika orodha. Hilo ndilo ninalotaka kulijadili na wasomaji wa jarida hili, watoa huduma na wagonjwa kwa pamoja.

Kwanza mti

Elimu inayoitwa sayansi ya uendelevu huchunguza namna binadamu wanavyoweza kuishi vizuri leo bila kula haki ya watoto wao kesho. Jina lenyewe lilipata nguvu mwaka 2001, Robert Kates na wenzake walipoandika katika jarida la Science kuitambulisha kama fani ya utafiti. Mizizi yake ni ya zamani zaidi: mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira uliofanyika Stockholm mwaka 1972, na ripoti ya tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland mwaka 1987.

Katika miaka ile ya awali, hofu kubwa kuhusu Afrika ilikuwa mti. Mwaka 1975 mtafiti wa Marekani, Erik Eckholm, aliandika kuhusu upungufu wa kuni akiuita shida nyingine ya nishati, wakati mataifa tajiri yakililia bei ya mafuta. Kutoka hapo zikaja hesabu: familia moja huchoma kiasi gani, msitu humea kwa kasi gani, na miti itakwisha mwaka gani. Katika hesabu zile mama mpishi alionekana hasa kama mkata miti. Mwaka 1988 Gerald Leach na Robin Mearns walionyesha kwamba picha hiyo ilikuwa na kasoro: mahali pengi misitu ilitoweka zaidi kwa ajili ya mashamba kuliko kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Lakini sifa mbaya aliyokwisha kupewa mpishi haikumtoka upesi.

Kisha historia ikaleta Ngara jaribio ambalo hakuna mtafiti ambaye angethubutu kulipanga. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakikimbia mauaji ya Rwanda, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa kama siku moja. Benaco, jina tulilolirithi kutoka kwa kampuni ya ujenzi wa barabara, likawa moja ya makambi makubwa ya wakimbizi duniani. Kwa makadirio yaliyotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, makambi ya Kagera yalitumia zaidi ya tani 1,200 za kuni kila siku katika kipindi cha kilele. Vilima vilivyokuwa na miti vikabaki na visiki. Mashirika yalipanda miche, yalifundisha majiko ya udongo na kusomba kuni kwa malori. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao, nao wenyeji wa Ngara wakabaki na vilima vyao.

Watafiti walihesabu visiki kwa uangalifu mkubwa. Ilichukua muda mrefu zaidi kuuliza yaliyowapata watoto wa wenyeji. Jibu lilipokuja, lilitoka mahali pasipotarajiwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wamegunduliwa Kagera mwaka 1983, na kuanzia mwaka 1991 hadi 1994 Benki ya Dunia na Muhimbili ziliendesha utafiti wa kaya zaidi ya 900 mkoani, zikiwamo za Ngara na Biharamulo, ili kujua kifo cha mtu mzima huiachaje familia. Kaya zilezile zikatafutwa tena mwaka 2004, na tena mwaka 2010, hata zile ambazo watu wake walikuwa wamehama. Kwa kutumia takwimu hizo, mwaka 2011 mchumi Javier Baez alichapisha matokeo kwamba watoto waliokulia karibu na makambi walifikia utu uzima wakiwa wafupi kwa takriban sentimita 1.8 kuliko ambavyo wangekuwa, na kwamba magonjwa ya kuambukiza na vifo vya watoto wadogo vilikuwa vimeongezeka. Wengine, kwa takwimu hizohizo, walionyesha kwamba zipo kaya zilizonufaika na barabara na masoko yaliyoletwa na makambi. Yote mawili ni kweli, na yote mawili tuliyajua kwa sababu moja: kuna watu waliorudi kwa kaya zilezile wakati dunia ilikwisha kuhamia jambo jingine.

Kisha pafu

Wakati macho ya wengi yakiwa mtini, wachache waliingia jikoni. Katika miaka ya 1980 Kirk Smith na wenzake walipima moshi ndani ya nyumba za vijijini nchini India, wakakuta kiwango cha vumbi laini kinachozidi mbali kile cha miji michafu. Polepole kipaumbele kikahama kutoka msituni kwenda kifuani. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilihusika na vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020 peke yake. Mama yetu, aliyekuwa mkata miti, sasa akawa mgonjwa.

Kwa sisi matabibu hayo yalikuwa maendeleo makubwa, nami ni miongoni mwa walioyashangilia. Tuliamini kwamba jiko bora litaondoa nimonia ya watoto kama chandarua kinavyopunguza malaria. Ukaja wakati wa kupima imani hiyo. Nchini Malawi watafiti waligawa kwa kura majiko banifu yenye feni, wakafuatilia watoto zaidi ya 10,000. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet yalisema wazi: nimonia haikupungua. Wengi wakasema majiko yale hayakuwa safi vya kutosha, tujaribu gesi. Ukafanyika utafiti mwingine mkubwa katika nchi nne. Mojawapo ilikuwa Rwanda, na eneo lililochaguliwa ni wilaya ya Kayonza, safari ya saa chache kutoka daraja la Rusumo. Familia zilipewa jiko la gesi na gesi ya bure. Moshi waliouvuta akina mama ulipungua sana. Hata hivyo matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 hayakuonyesha upungufu wa uhakika wa nimonia kali kwa watoto wachanga.

Sitaki msomaji yeyote aelewe kwamba moshi hauna madhara. Mapafu ya mama wa Ngara ni ushahidi wangu, na sayansi inayounganisha moshi na ugonjwa sugu wa mapafu, magonjwa ya moyo na mtoto wa jicho haijafutika. Matokeo yale yanatufundisha jambo jingine: mtoto haugui kwa sababu moja. Anaugua kwa moshi, na kwa lishe duni, na kwa kulala wengi chumba kimoja, na kwa kuchelewa kufika zahanati, na kwa kukosa oksijeni afikapo. Tulitwaa kipande kimoja cha maisha yake tukakitaraji kibebe maisha yote.

Halafu tani ya kaboni

Kabla hatujalimaliza somo hilo, kipaumbele kimehama tena. Sasa kuni zinapimwa kwa kaboni. Kampuni hugawa majiko vijijini, hukadiria kiasi cha hewa ukaa ambacho hakikwenda angani, kisha huuza hesabu hiyo kwa wachafuzi walio mbali. Nchi yetu ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Fedha hizo zaweza kuwa na manufaa, nami sizipingi. Lakini mwaka 2024 Annelise Gill-Wiehl na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Sustainability uchunguzi wa miradi ya namna hiyo, wakakuta kwamba kwa jumla akiba ya kaboni iliyodaiwa ilizidi ile halisi kwa zaidi ya mara 9. Chanzo kimojawapo ni dhana kwamba kila aliyepewa jiko hulitumia, na kwamba ameacha mafiga matatu.

Yeyote aliyekaa Ngara au Biharamulo angewaambia hilo bila mashine. Chakula cha huku ni ndizi, mihogo, ugali na maharage. Maharage makavu huchemka kwa saa kadhaa. Mwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 atachemsha chai na uji wa mtoto kwa gesi, kisha atayainjika maharage kwenye mafiga, kwa sababu anajua akiyapikia gesi mtungi hautafika mwisho wa mwezi, na wa kuujaza yuko mjini. Huo si ujinga wala ukaidi. Ni hesabu ya nyumbani, tena sahihi. Swali "nitapikia nini?" ndani yake lina bei, umbali, aina ya chakula na nani mwenye kauli juu ya fedha ya familia.

Wakati tukiyatafakari hayo, Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa wilayani Biharamulo, miaka miwili baada ya ule wa Bukoba vijijini. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, walihesabiwa wagonjwa 2 waliothibitishwa kimaabara na 8 waliodhaniwa kuwa nao, na wote 10 walifariki. Kwa haki kabisa, popo wala matunda wanaoishi mapangoni, mipaka ya binadamu na wanyama, na mpango wa Afya Moja vimekuwa kipaumbele kipya. Ninachoomba ni kwamba tusivitazame kana kwamba havihusiani na yaliyotangulia. Mtu anayeingia porini kutafuta kuni, mkaa au asali ni yuleyule tuliyemhesabu kama mkata miti, kisha mgonjwa, kisha tani ya kaboni.

Kosa haliko katika kubadilika

Mtu anaweza kunipinga akisema: sayansi haina budi kubadili maswali yake, na kipaumbele kisichobadilika ni ushirikina. Nakubali. Hata tiba imebadilika, na heri imebadilika. Lau watafiti wangebaki na mti, mapafu ya akina mama yasingejulikana. Lau wangebaki na pafu, tusingejua kwamba ukame na mafuriko navyo ni mambo ya hospitali.

Lawama yangu ni juu ya namna tunavyobadilika. Swali jipya huingia kwa sababu mfadhili amepata hofu mpya au mkutano mkubwa umetoa azimio jipya. Swali la zamani huachwa bila kujibiwa, na watu waliojibu hojaji hawarudiwi. Nimekutana na wazee waliohojiwa mara tatu nne katika maisha yao, wasioweza kunitajia tokeo hata moja waliloletewa. Utafiti ukifika kwao kwa mara ya tano, wanajibu kwa adabu tu. Adabu si takwimu.

Hapa ndipo watoa huduma wa wilaya hizi wanapokuwa na nafasi ambayo hakuna mtafiti mgeni aliye nayo: sisi hatuondoki. Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

La kwanza, tuanzie kwenye daftari. Katika rejesta zetu za MTUHA tunaandika umri, jinsi, anakotoka mgonjwa na ugonjwa wake. Kwa kila mgonjwa mwenye kikohozi cha muda mrefu, na kila mtoto mwenye nimonia, tunaweza kuandika pembeni maneno mawili: anapikia nini, na anapikia wapi. Zahanati kumi zikifanya hivyo kwa miaka mitano, Ngara na Biharamulo zitakuwa na jambo ambalo mradi wa miezi 18 hauwezi kulinunua.

La pili, tubadili kinachopimwa. Pamoja na kaboni na vumbi laini, tupime saa za kutafuta kuni, idadi ya siku ambazo mtungi ulikaa mtupu, na vyakula vilivyoachwa kwa sababu ya nishati. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia umeweka lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Lengo hilo lisihesabiwe kwa mitungi iliyogawiwa, bali kwa vyungu vilivyoivia juu yake.

La tatu, kamati za maadili na vyuo vyetu vitake kila mradi useme ni lini utarudi katika mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, kueleza ulichokikuta, hata kama ulichokikuta ni kwamba jiko halikusaidia. Mama wa Kayonza na mama wa Malawi walistahili kulisikia hilo kabla ya wasomaji wa majarida.

La nne ni letu wenyewe. Nenda nyuma ya wodi katika hospitali nyingi za nchi hii saa sita mchana. Utawakuta ndugu wa wagonjwa wameinama juu ya mafiga, mtoto mgongoni, wakimpikia mgonjwa aliyelazwa kwa ajili ya mapafu, na moshi ukiingia kwa dirisha la wodi ileile. Serikali imekwisha kuziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Tusijifiche nyuma ya hoja kwamba wanaopika ni ndugu na si hospitali. Tukishindwa kumpatia mpishi mmoja moto safi ndani ya uzio wetu, kwa ulimi gani tutamwambia abadilishe jiko lake nyumbani?

Kwa mgonjwa anayesoma

Wakati sayansi ikirekebisha maswali yake, yapo yanayoweza kufanyika leo bila kungoja mradi. Loweka maharage usiku kucha; yataiva kwa muda mfupi zaidi na kuni zitapungua. Funika chungu. Tumia kuni zilizokauka vizuri. Inapowezekana, pikia nje au katika kibanda kilicho wazi pande mbili. Usimbebe mtoto mgongoni wakati wa kupuliza moto; mwachie mwingine. Ukiwa na gesi kidogo, itumie kwa yale mapishi mafupi ya asubuhi, wakati watoto wamo ndani. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu. Mtoto akipumua haraka, au kifua chini ya mbavu kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usisubiri kesho.

Hayo si jibu kamili, nami sitaki kujifanya kuwa ni jibu kamili. Lakini yana faida moja: yanaanzia kwenye chungu chake.

Nilimwona tena mama yule katika kliniki ya mwaka uliofuata. Kifua chake hakikuwa kimepona, wala hakitapona. Binti yake alikuwa ameubomoa ukuta mmoja wa jiko, na maharage sasa yalilowekwa. Usiku, alisema, alikuwa akilala bila kukaa kitako kutafuta hewa. Nilimwuliza kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumwuliza habari za jiko lake. Akafikiri kidogo, akasema wapo waliokuja zamani, na wengine baadaye, na wote waliandika. "Wewe," akaongeza, "uliandika nini?"

Safari hii nilimwonyesha. Jina la nishati, mahali pa kupikia, saa za kutafuta kuni, mtungi hakuna. Akasikiliza binti yake akimsomea mstari mmoja mmoja, akanisahihisha umbali wa kuni, ambao nilikuwa nimeuandika mfupi kuliko ulivyo.